Mto Ulionyooshwa na Mwalimu Nathanieli

Katika kitongoji cha Kwemviru, kule milimani upande wa Mgwashi, hapakuwa na kitu kilichopinda katika mipaka ya Mwalimu Nathanieli. Matuta yake ya karoti yalikwenda kama mistari ya daftari. Ua wake ulikatwa kwa kamba. Hata mbuzi wake, walisema watani, walirudi zizini kwa safu moja, mkubwa mbele na mdogo nyuma. Alikuwa amefundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote hakuna mwanafunzi aliyethubutu kuingia darasani kwake na kifutio.

"Kosa halifutwi," alikuwa akisema, rula mkononi. "Kosa hukatwa mstari mmoja mnyoofu, na jibu sahihi likaandikwa kando yake. Anayefuta anataka tuamini kwamba hakukosea."

Lakini katika yote aliyoyanyoosha maishani, hakuna kilichompa fahari kama Mto Kivumo. Zamani mto ule uliingia bondeni kwa mikunjo minne mikubwa, ukalitawala bonde lote kama mgeni anayelala kitandani kwa mshazari na kuwaacha wenyeji pembezoni. Ndipo ulipofika mwaka 1974, mwaka wa kilimo cha kufa na kupona. Nathanieli, kijana wa miaka ishirini na minne mwenye cheti cha ualimu mfukoni, aliwaongoza vijana wenzake arobaini kwa majembe na sururu. Kwa wiki saba waliuchimbia mto njia mpya, moja kwa moja, kutoka daraja la magogo hadi mwisho wa bonde. Mikunjo ya zamani ikafukiwa, ikalimwa. Kabichi zikastawi, karoti zikastawi, mapaa ya nyasi yakageuka mabati, na watoto wakapata karo. Pale darajani wakajenga bamba la saruji lenye maandishi haya:

MTO HUU UMENYOOSHWA NA VIJANA WA KWEMVIRU CHINI YA NDUGU NATHANIELI. 1974.

Kila mjukuu aliyejua kusoma alipelekwa pale, akasimama visigino pamoja, akasoma kwa sauti.

Siku moja ya Januari, mvua za vuli zilipokwisha kukatika, Efrazia alivuka daraja akiwa na fimbo ndefu mkononi. Alikuwa mjane wa Alen, mdogo wake Mwalimu, na kwa hiyo alikuwa shemeji yake. Na shemeji, kama ijulikanavyo, ana ruhusa ya kuyasema kwa mdomo yale ambayo wengine wangeyaandika kwa barua.

"Hodi hapa kwa mwenye mto!"

"Karibu, shemeji. Mwenye mto ni Mungu."

"Mungu aliuumba umepinda. Huu ulionyooka una mwenyewe mwingine, na jina lake limeandikwa pale darajani."

Mwalimu alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. Hiyo ilikuwa dalili kwamba amesikia lakini hajakubali kusikia. Efrazia aliketi barazani, akailaza fimbo magotini.

"Fimbo hii ni hatua yangu moja. Kabla ya vuli, kutoka ukingo wa mto hadi ukuta wa nyumba yangu zilikuwa fimbo kumi na moja. Leo asubuhi nimepima tena. Tisa."

"Vuli ilikuwa kubwa."

"Masika iliyopita ilikula nane, na jiko langu likiwemo. Wewe ndiwe mwalimu, shemeji. Tisa toa nane?"

"Moja."

"Moja. Upana wa mlango. Nikitoka kumwaga maji, nitajimwaga na mwenyewe."

Hilo halikuwa jambo la mzaha, ingawa ulimi wa Efrazia ulilivika vazi la mzaha. Nyumba ile aliijenga Alen kwa mikono yake, mwishoni mwa ile njia iliyonyooka, mahali ambapo mto ulilazimika kugeuka. Nyuma yake palikuwa na jabali tupu. Hapakuwa na pa kuisogeza hata kidogo. Nyumba ikienda, Efrazia angelazimika kuihama Kwemviru.

"Mwanangu Abrahamu ananiita Tanga nikakae kwake," alisema. "Nitakaa Tanga nifanye nini? Nipulizwe na feni mchana kutwa kama dagaa wanaoanikwa? Nimezaliwa kwenye baridi, nitazikwa kwenye baridi."

"Ni ile mikaratusi iliyopandwa huko juu inayoharibu mto," alisema Mwalimu. "Na mvua za siku hizi hazina adabu."

"Mikaratusi inakunywa maji, shemeji, haiyatupi kwangu. Maji yako yanashuka kama risasi kwenye mtutu wa bunduki, nami nimejengewa mbele ya mtutu."

"Maji yaliyonyooka hufika upesi na kuondoka upesi. Hayana nafasi ya kula nyumba ya mtu."

Efrazia alimtazama kwa utulivu, kama mtu anayetega kwa makusudi.

"Thibitisha," alisema.

Hapo akawa amemnasa. Ungeweza kumwambia Mwalimu Nathanieli njoo asije, na kaa asikae; lakini ukimwambia thibitisha, hakulala.

Kesho yake asubuhi alifika darajani amevaa koti, saa mkononi, daftari kwapani, na malimau sita ndani ya kikapu. Hezekia, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa amekwisha kufika kama shahidi. Hezekia alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, lakini alifundishwa na Mwalimu darasa la tatu, na mpaka leo hakuweza kumsikiliza akiwa ameketi. Dula naye alikuja, mfanyabiashara wa mboga kutoka Tanga, ambaye alikodi shamba la kabichi kwa Hezekia na kupakia mzigo kwenye Fuso kila wiki. Yeye alikuja kwa sababu ya kucheka.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo tunakamua juisi?"

"Marahaba. Leo tunapima. Wewe utakwenda kule chini kwa Efrazia, utasimama na tenga, ulidake limau litakalofika. Usilidake kabla, usilidake baada."

Mwalimu alikuwa amepima hatua mia mbili kwa kamba. Hezekia alilitupa limau la kwanza majini, naye Mwalimu akaitazama saa. Limau liliondoka kama lililoitwa na mkubwa. Halikugeuka kushoto wala kulia. Kwa dakika moja na sekunde thelathini na nane lilifika kwa Efrazia, likampita Dula na tenga lake, likagonga ukingo. Na pale lilipogonga, mbele ya macho ya wote, bonge la udongo lenye ukubwa wa ndama likaporomoka majini, pwaa!

"Fimbo nane na nusu," alisema Efrazia.

La pili na la tatu yalikwenda vivyo hivyo. Mwalimu aliandika. Kisha wakapanda upande wa juu wa daraja, mahali ambapo mto haukuguswa mwaka ule kwa sababu ulipita penye miamba na miti mikubwa. Huko Kivumo bado ulijikunja kama ulivyopenda. Wakapima tena hatua mia mbili za bonde.

Limau la nne lilianza vizuri, likaingia kwenye kidimbwi, likazunguka mara saba kama mtu aliyesahau alichotumwa sokoni. Lilifika baada ya dakika tisa. La tano lilitumia dakika kumi na tatu. La sita halikufika kabisa. Efrazia alikwenda kulitafuta, akalikuta limetulia katika mizizi ya mkuyu, akalitia kwenye mkunjo wa kanga yake.

"Hili nitalikamulia chai," alisema. "Limenifundisha: anayepita kwa upole hupata pa kupumzika."

Mwalimu alikuwa ameinama ukingoni akitazama jambo jingine. Hapa majani yaligusa maji. Kutoka ardhini hadi usoni pa mto hapakuzidi shibiri moja. Kule kwenye njia aliyoichimba yeye, maji yalikuwa yamezama chini kupita kimo cha mtu. Alifungua kurasa za nyuma za daftari, alimokuwa amenakili vipimo vya 1974, kwa maana hakuwahi kutupa kipimo chochote. Kina cha mfereji mpya: kufika pajani. Kufika pajani! Mto ulikuwa umejichimbia chini miaka hamsini, na ndiyo sababu mdomo wa mfereji wa kumwagilia mashamba ulibaki ukining'inia juu mkavu, naye kwa miaka kumi na mitano akaitukana mikaratusi.

Alilifunga daftari. Dula alifungua kinywa kusema neno, Hezekia akamkanyaga mguu.

"Mwenyekiti," alisema Mwalimu hatimaye.

"Naam, Mwalimu."

"Itisha mkutano."

Jioni ile Mwalimu hakumaliza chakula. Mkewe, Paskalina, alimwekea makande anayoyapenda, yenye maharage mengi na mahindi kidogo, lakini kijiko kilikwenda na kurudi kitupu.

"Baba Martin, makande hayasomwi. Yanaliwa."

"Nimekosa, Mama Martin."

"Hujakosa. Chumvi ndiyo imezidi kidogo."

"Nimekosa katika mto."

Paskalina aliacha kupuliza moto. Katika miaka arobaini na minane ya ndoa hakuwa amelisikia neno lile likitoka katika kinywa kile bila kutanguliwa na jina la mtu mwingine. Alijitahidi asicheke, akashindwa, akajifunika uso kwa kanga.

"Unacheka?"

"Nacheka kwa kuwa namkumbuka baba mkwe wangu. Alinisimulia mwenyewe mlivyokuwa mkichimba. Alikuja pale ukingoni na mkongojo wake, akakwambia neno moja."

Mwalimu alilikumbuka vizuri. Alikuwa amelizika chini ya bamba la saruji pamoja na mengine ya wazee. Baba yake alisimama, akatazama kamba na vigingi, akasema: *Mwanangu, nyoka hanyooki ila akifa.* Naye kijana mwenye cheti akamjibu kwa heshima zote kwamba mto si nyoka.

"Nilimjibu vibaya," alisema.

"Ulimjibu kama mwenye cheti. Haya, kula. Kosa halisahihishwi kwa tumbo tupu."

Mkutano ulifanyika Jumatatu, pale panapooshewa karoti. Walikuja karibu wote wenye mashamba bondeni, wengi wao wakidhani Mwalimu atawagombeza tena kwa kutupa mifuko ya mbolea mtoni. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema bila kupamba:

"Mwaka 1974 niliwaongoza kuunyoosha mto huu. Nilidhani maji yakiwa na njia fupi yatatuachia ardhi na amani. Ardhi tulipata. Lakini maji yaliyofupishiwa njia yamepata mbio. Yamechimba kitanda chao, yameukausha mfereji wetu, na yameifikia nyumba ya mjane wa ndugu yangu. Nimepima mwenyewe. Kosa ni langu. Naomba turudishe mikunjo kabla ya masika."

Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Wapo waliosema hewala. Wapo waliosema mikunjo ile sasa ni mashamba yao, na kwamba mto hauna hati. Mzee mmoja aliuliza ni nani anayekumbuka mto ulipita wapi, kwa kuwa waliochimba wengi wamelala makaburini.

"Masale yanakumbuka," alisema Efrazia kutoka nyuma.

Watu waligeuka kulitazama bonde, na wote waliokuwa na macho wakaona kile walichokiona kila siku bila kukitazama. Zamani, kila ukoo ulipanda masale, ile mimea ya majani marefu, kandokando ya mto kuwa alama ya mpaka. Na sale haling'olewi. Mtu anaweza kung'oa mti, akang'oa nguzo, hata jiwe la mpaka akalisogeza akiwa hana haya. Lakini sale lililopandwa na mababu haliguswi. Basi mto ulipohamishwa, masale yalibaki. Kwa miaka hamsini watu wa Kwemviru walilima kabichi kwa mistari iliyonyooka huku katikati ya mistari hiyo yakipita masale kwa mikunjo minne, na kila mmoja akiyazunguka kwa jembe bila kujiuliza yanamsubiri nani.

Tena palikuwa na jambo jingine la kuchekesha. Kwa kuwa mipaka haikuhamishwa pamoja na mto, baadhi ya watu walijikuta na kipande cha shamba ng'ambo ya pili, wakakiita ulimi. Mwalimu mwenyewe alikuwa na ulimi wake, ndani ya mkunjo wa pili, udongo mweusi kama masizi, karoti zake zikipewa bei ya kwanza na kila Fuso. Yeyote aliyefuata masale kwa macho aliona kwamba mto ukirudi, ulimi wa Mwalimu ndio utakaoliwa kwanza.

Watu walimgeukia.

"Anzeni na ulimi wangu," alisema Mwalimu Nathanieli. "Karoti nitazing'oa hata kama hazijakomaa."

Baada ya neno hilo nani angebisha? Hezekia alisimama akasema mkunjo wa tatu umepita kwenye shamba lake, alilomkodisha Dula, naye anautoa. Dula akashika kichwa.

"Mwenyekiti, kabichi zangu! Zimebakiza wiki tatu zifunge!"

"Zitafunga ukiwa unazihamisha," alisema Efrazia.

"Mama, mimi sina ugomvi na mto. Nipeni wiki tatu, nami nitaleta vijana wangu wa kupakia waje kuchimba. Lakini jina langu liandikwe pale kwenye saruji."

"Jina halitangulii kazi," alisema Mwalimu. "Tena safari hii tutaomba kibali. Mwaka ule hatukumuuliza mtu. Wala mto wenyewe hatukuuuliza."

Kibali kiliombwa kwa barua yenye vipimo vya malimau, kwa mwandiko wa Mwalimu, kila herufi imesimama wima. Siku ya kumi alikuja mtaalamu wa maji, Bibi Modesta, mwanamke mwenye buti za mpira na maneno machache. Alitembea bonde zima, akayafuata masale kutoka mkunjo hadi mkunjo, akachora. Alisema wafungue mikunjo miwili, ule wa pili na wa tatu, hiyo inatosha kuyapunguza maji mbio. Pale juu wajenge tuta la mawe kuinua maji yafikie kitanda cha zamani. Ile njia iliyonyooka waijaze mawe na magogo na kuipanda matete, ibaki ya mafuriko tu. Kisha akamgeukia Mwalimu.

"Aliyepima haya malimau ni nani, Mzee?"

"Ni mimi."

"Vipimo vyako ni safi."

Mwalimu alijibu kwa kuinamisha kichwa kidogo, lakini Paskalina alisimulia baadaye kwamba siku ile alikula makande sahani mbili.

Msaragambo, kazi ya pamoja ya kitongoji kizima, ulianza wiki ya mwisho ya Februari. Baragumu lilipulizwa asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, na watu wakashuka na majembe, sururu, na masufuria ya chai. Mwalimu alikuwa ametangulia. Alikuwa amekwisha kupigilia vigingi na kufunga kamba kutoka sale hadi sale. Efrazia alifika, akatazama, akaweka mikono kiunoni.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Ni mkunjo wa pili."

"Huu ni uzio wa ng'ombe. Umeunyoosha tena!"

Na kweli, kila palipokuwa na pengo kati ya sale moja na jingine, Mwalimu alikuwa amevuta kamba moja kwa moja, na mkunjo ukawa na kona kali kama sanduku. Watu waliangua kicheko. Vijana wa Dula walikaa chini.

"Mwalimu, kunja!" walipiga kelele. "Kunja kidogo tu!"

Mwalimu alijaribu. Aling'oa kigingi, akakisogeza nusu hatua, akakipigilia, akakitazama kwa uchungu kama mtu aliyelazimishwa kuvaa shati nje ya suruali. Kamba ilibaki imenyooka.

"Miaka sabini na mitano," alisema Efrazia, "na mkono haujui kwenda mviringo. Leta jembe."

Alilichukua jembe la Hezekia, akalipiga ardhini karibu na sale. Lilizama bila sauti kwenye udongo mweusi. Akasogea hatua mbili, akapiga. Kimya. Akasogea tena, akapiga. Na safari hii jembe lililia, *krrr*, chuma juu ya mawe madogo. Mwalimu alipiga magoti, akafukua kwa mikono. Chini ya udongo wa kabichi palikuwa na kokoto za mviringo na mchanga mweupe, safi kama vilivyooshwa jana.

"Kitanda chake," alisema kwa sauti ya chini. "Bado kipo."

"Mto ulitandika ukaondoka," alisema Efrazia. "Haukutandua."

Tangu hapo hawakuhitaji kamba. Efrazia alitangulia na jembe kama mpiga ngoma anayeongoza msafara. Jembe likinyamaza, anasogea. Likilia, anasimama, na watu wanachimba. Palepale palipokuwa na pengo la masale, kokoto ziliunganisha. Mwalimu alifuata nyuma, akiweka jiwe jeupe kila jembe lilipolia, na alipogeuka jioni kuyatazama mawe yake, aliona mstari uliopinda kwa uzuri ambao rula yake isingeweza kuuchora hata siku moja. Akalizungusha daftari, akaunakili. Ilimchukua kurasa tatu.

Walichimba siku kumi na moja. Vijana wa Dula walichimba kweli, ingawa waliimba nyimbo za kumsema tajiri wao, naye akacheka kuliko wote. Karoti za ulimi wa Mwalimu ziling'olewa mapema, nyingine zikiwa bado nyembamba kama vidole; Paskalina alizipika kwenye masufuria makubwa na kuwalisha wachimbaji. Watoto walibeba mawe. Wanawake wa kwaya ya Kilutheri na wa jumuiya ya Kikatoliki walishindana kujenga tuta, kila upande ukidai wake ndio usiovuja.

Siku ya kuyafungulia maji, Hezekia alimpa Efrazia jembe. Alikata udongo wa mwisho, akaruka kando. Maji yalisimama kidogo mbele ya njia ile mpya iliyo ya zamani, kama mtu anayerudi nyumbani baada ya miaka mingi na kusita mlangoni. Kisha yakaingia. Yaligusa kokoto, yakaifuata mikunjo, yakaingia kwenye ulimi wa Mwalimu na kuujaza, yakazunguka shamba la Hezekia. Na muda si mrefu, juu kule penye tuta, watu wakapiga vigelegele, kwa maana maji yalikuwa yameufikia mdomo wa mfereji na kuanza kutiririka ndani yake, kwanza kwa kigugumizi, kisha kwa ufasaha.

Lakini hesabu ya kweli ilikuwa bado, kwa sababu Machi inapoingia, masika huja kuuliza maswali yake yenyewe.

Ilikuja juma la tatu. Mvua ilinyesha siku mbili na mchana mmoja, mvua nene ya milimani inayofanya mtu apaaze sauti akiwa ndani ya nyumba. Mwalimu hakutoka, Paskalina alikuwa ameficha koti. Asubuhi ya siku ya nne ilipopambazuka kweupe, alishuka bondeni haraka kuliko umri wake ulivyoruhusu. Kivumo ulikuwa umejaa, wa rangi ya chai ya maziwa. Ulikuwa umepanda juu ya kingo katika mikunjo yote miwili na kutandaa mashambani, ukaacha tope laini jeusi kwenye kabichi. Katika njia iliyonyooka maji yalipita kwa shida kati ya mawe na matete, yakinung'unika.

Efrazia alikuwa amesimama mlangoni kwake, fimbo mkononi.

"Umepima?" aliuliza Mwalimu, hata salamu akaisahau.

"Nilikuwa nakusubiri mwalimu. Mimi mwanafunzi naweza kukosea."

Akamwachia fimbo. Mwalimu alianzia ukutani, akailaza fimbo chini, akaipindua, akailaza tena. Moja. Mbili. Tatu. Dula na Hezekia walikuwa wamefika, wakahesabu pamoja naye kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Saba. Nane. Alipoilaza mara ya tisa, ncha ya fimbo haikufika majini. Mto ulikuwa umeweka mchanga mahali ulipokuwa ukila.

"Tisa na robo," alisema Mwalimu Nathanieli. Akasimama wima. "Rudia hesabu, Mwenyekiti."

Hezekia alirudia. Ilikuwa tisa na robo.

"Basi mwambieni Abrahamu feni yake aiwashie mtu mwingine," alisema Efrazia, na machozi yalimtoka akiwa anacheka. Akaingia ndani kuwachemshia chai.

Siku ile ile Dula alikumbushia ombi lake la jina. Mwenyekiti alipendekeza bamba la zamani livunjwe, lijengwe jipya, lisiwaaibishe wazee. Wengi wakaona ni busara. Mwalimu peke yake alikataa.

"Halivunjwi," alisema. "Nani aliwafundisha kufuta?"

Akaja na nyundo, patasi, na rula yake ya darasani. Alipiga magoti mbele ya bamba, akaweka rula, akachora kwa patasi mstari mmoja juu ya neno UMENYOOSHWA, bila kuliharibu, lilisomeka lote. Kando yake akapaka saruji mbichi, na kwa msumari akaandika: UMEKUNJWA TENA. Chini ya jina lake akaongeza: NA MAMA EFRAZIA ALIYESIKILIZA JEMBE, NA DULA ALIYEACHIA SHAMBA LA KABICHI, NA WOTE. 2025.

Efrazia alikuja na vikombe vya chai kwenye sinia. Aliinama, akasoma herufi moja moja, akapitisha kidole juu ya ule mstari uliokata neno, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Shemeji," alisema, "huu umenyooka kweli."

"Huo," alisema Mwalimu Nathanieli, akiipokea chai, "unatakiwa kunyooka."

Akanywa. Ilikuwa na limau.